Kujifunza kwa Mwenzako na Kuamua Pamoja

Methali moja husema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Nyingine husema, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake." Ya kwanza inatufundisha kumtazama mwenzetu. Ya pili inatukumbusha kutumia akili zetu wenyewe. Je, tufuate ipi tunapokaa mkutanoni? Tunazihitaji zote mbili. Somo hili linaeleza kwa nini.

Mkutano chini ya mti

Tuchukue mfano. Wananchi wa Oloipiri wamekutana chini ya mti. Wanataka kuamua siku ya kufungua malisho waliyoyatunza kwa ajili ya kiangazi. Mzee mmoja anayeheshimiwa anasema, "Tufungue wiki ijayo." Wa pili anasema, "Naunga mkono." Wa tatu naye anaunga mkono. Kisha mikono yote inapanda juu.

Nyuma ameketi mama mmoja. Yeye huteka maji kila siku kwenye chemchemi iliyo karibu na malisho hayo. Anajua kwamba maji yamebaki kidogo sana. Lakini anafikiri moyoni, "Wote hawa wamekubali. Mimi ni nani nipinge?" Anakaa kimya. Naye anainua mkono.

Ukihesabu mikono, utasema watu mia wameamua. Kwa kweli ameamua mtu mmoja, nao wengine wamemfuata. Ng'ombe wakifika kule wakakosa maji, hasara itakuwa ya kijiji kizima.

Watu wengi na maksai mmoja

Mwaka 1906 kulikuwa na maonyesho ya mifugo katika mji wa Plymouth, Uingereza. Watu walishindana kukisia uzito wa nyama ya maksai mmoja baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Kila aliyeshiriki alinunua tiketi, akaandika kisio lake. Walikuwamo wachinjaji na wakulima, na pia watu wasiojua mambo ya mifugo.

Mtaalamu mmoja, Francis Galton, alizichukua tiketi 787 zilizosomeka. Akayapanga makisio kutoka dogo hadi kubwa, kisha akatazama lile la katikati. Lilikuwa ratili 1,207. Uzito wa kweli ulikuwa ratili 1,198. Tofauti ilikuwa ratili 9 tu, yaani kama kilo 4.

Kwa nini wengi walikaribia ukweli namna hii? Kwa sababu kila mtu aliandika wazo lake mwenyewe. Aliyezidisha alisawazishwa na aliyepunguza. Lakini kama mtu mmoja angepaza sauti, "Ni ratili elfu mbili!" na wengine wote wakamwiga, kosa lake lingekuwa kosa la wote. Pasingekuwa na mtu wa kulisawazisha.

Wamasai nao wana methali isemayo kwamba kichwa kimoja hakibebi hekima yote. Ni kweli. Lakini vichwa mia vikiiga kichwa kimoja, vimekuwa kichwa kimoja.

Kuiga kwa manufaa: chanjo ya ndigana

Hatusemi kwamba kuiga ni kubaya. Tazama habari ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe na unaoua ndama wengi. Kuanzia mwaka 1998 chanjo yake ilianza kuenea kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Chanjo hii hutisha kidogo, kwa sababu ng'ombe hudungwa vijidudu vya ugonjwa wenyewe, pamoja na dawa ya kupunguza makali yake. Tena inagharimu fedha. Mfugaji mwenye busara lazima ajiulize maswali.

Lakini ndama aliyechanjwa huvishwa hereni sikioni. Hivyo jirani aliweza kuangalia. Ndama wenye hereni wako wapi? Wasio na hereni wako wapi? Alihesabu waliokufa na waliopona, kisha akaamua juu ya ndama wake. Huyu alijifunza kwa mwenzake, lakini alitazama matokeo.

Kuiga bila kuona: foleni ya Samunge

Sasa tazama jambo la pili, lililotokea katika wilaya yetu hii ya Ngorongoro. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa jina la Babu, alitoa dawa ya mti uitwao mugariga. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500. Ilisemwa kwamba kinaponya kisukari, saratani, UKIMWI na magonjwa mengine.

Watu walikuja kwa maelfu kutoka mikoa yote, na kutoka Kenya na nchi nyingine. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walitolewa hospitalini ili wapelekwe huko. Wengine waliacha dawa zao za UKIMWI. Wengine walifia njiani au katika foleni. Mwezi wa Machi mchungaji mwenyewe aliomba watu wasije kwa muda, ili foleni ipungue. Haukupatikana ushahidi wa kitaalamu kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI.

Tusiwacheke wale waliokwenda. Mtu mwenye mgonjwa hutafuta tumaini popote. Lakini tujifunze. Wengi walisema, "Watu wote hawa hawawezi kukosea." Walichokiona kilikuwa foleni. Hawakuwa wameona waliopona. Kila gari lililofika liliongeza foleni, na foleni ikaita magari mengine. Watu elfu waliofuatana si mashahidi elfu.

Tufanye nini mkutanoni?

1. Tupate habari mapema. Ajenda ijulikane siku kadhaa kabla ya mkutano, ili kila mtu aifikirie nyumbani.

2. Fikiri kwanza peke yako. Sasa unajua kuandika. Andika wazo lako katika daftari kabla ya kusikia la mwenzako. Ukilibadilisha baadaye, utajua ni kwa sababu gani.

3. Wakubwa waseme mwishoni. Vijana na akina mama waanze. Huko si kumvunjia mzee heshima. Ni kumpa mengi ya kusikia kabla hajatoa neno lake.

4. Uliza, "Umeona mwenyewe, au umesikia?" Watu kumi waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja.

5. Jaribuni kidogo kwanza, kama jambo linaruhusu. Wekeni siku ya kutazama matokeo.

Kumbuka kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano huo kukubali. Kwa hiyo mkono wako ukiinuka, unaamua juu ya malisho ya wajukuu wako. Usiuinue kwa sababu tu wa jirani yako umeinuka.

Wahenga walisema, "Fuata nyuki ule asali." Ni kweli. Lakini hakikisha kwanza kwamba unaowafuata ni nyuki.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mama aliyejua habari za maji alikaa kimya? Je, jambo kama hili hutokea kijijini kwenu?

2. Jirani aliyetazama ndama wenye hereni na mtu aliyetazama foleni ya Samunge wametofautiana wapi?

3. Taja uamuzi mmoja wa mkutano wenu uliopita. Ni wangapi walisema mawazo yao wenyewe?