Umbali wa Kwenda Hospitali Hupimwaje?

Watafiti wa afya hupima umbali kati ya mgonjwa na hospitali kwa njia mbalimbali. Iliyo rahisi ni kuchora mstari mnyoofu kwenye ramani. Lakini mgonjwa si ndege. Anayetoka kisiwani Ukerewe kwenda Bugando, hospitali ya rufaa ya Maaskofu wetu jijini Mwanza, atakutana na maji. Ratiba ya kivuko yaweza kumchelewesha kuliko kilomita zenyewe.

Ndiyo maana wengi siku hizi hupima muda wa safari: hali ya barabara, milima, mito, tena kama mtu anatembea au amepanda chombo. Kwa kipimo hicho, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kuwa watu 29 kati ya kila 100 Kusini mwa Sahara huishi zaidi ya saa 2 kutoka hospitali ya umma yenye huduma za dharura.

Nacho, kwa maoni yetu, kina upungufu. Mara nyingi hakihesabu nauli, wala usiku, wala mama mwenye uchungu anayengoja pikipiki. Basi watafiti wakituuliza tulifikaje hospitalini, tuwaeleze safari nzima, pamoja na kungoja.