Barabara ya Burungu: Bomba la moshi la gari la zamani si pambo, ni uhai wa abiria

Kwenye barabara ya Sake hadi Kitshanga, inayopita Burungu katika eneo la Masisi, mkoani Kivu Kaskazini, gari halipigi jiwe kwa bampa. Hupiga kwa tumbo. Na kitu kinachoning'inia chini zaidi kwenye tumbo la gari la zamani, mara nyingi, ni bomba la moshi.

Likipasuka, dereva husikia kelele tu. Gari linaendelea kwenda, mzigo unafika sokoni, na matengenezo yanasubiri wiki nyingine. Shida ni kwamba kelele ndiyo sehemu ndogo ya hasara. Sehemu kubwa haina sauti wala harufu.

Wakazi wa Goma na Sake hawahitaji kufundishwa kwamba hewa inaweza kuua. Neno mazuku linajulikana hadi kwa watoto: ni mashimo na mabonde ambamo kaboni dayoksaidi kutoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia na kuua mbuzi, na wakati mwingine watu. Moshi wa gari la petroli una ndugu yake mbaya zaidi, kaboni monoksaidi. Hii haikai bondeni ikusubiri. Huchanganyika na hewa na kuingia popote penye tundu: chini ya viti, kwenye nafasi ya gia, chini ya turubai.

Ndani ya mwili, kaboni monoksaidi hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Abiria huanza kuumwa kichwa, kisha kichefuchefu, kisha usingizi. Katika safari ndefu ya mlima, nani atashangaa abiria akisinzia?

Kwa nini magari ya zamani, na kwa nini milimani

Magari ya petroli ya leo yana katalisti, kifaa kilichofungwa kwenye bomba ambacho hubadilisha sehemu kubwa ya kaboni monoksaidi kabla haijatoka nje. Ulaya ilianza kukilazimisha kwenye magari mapya ya petroli mwaka 1993. Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, Peugeot 404 na 504, na Land Cruiser za petroli za enzi hizo hazina kifaa hicho. Kinachotoka kwenye injini ndicho kinachotoka kwenye bomba. Injini za dizeli hutoa gesi hiyo kidogo zaidi, ingawa masizi yake nayo si ya kuvuta.

Urefu wa milima unaongeza tatizo. Goma yenyewe iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Masisi vinapanda juu zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, lakini kabureta la zamani linaendelea kumwaga petroli ileile. Mafuta yanazidi hewa, hayaungui yote, na kaboni monoksaidi inaongezeka. Tena milimani kuna baridi na mvua: vioo vinafungwa, turubai linashushwa, na moshi ulioingia haupati pa kutokea.

Magari mazee yana heshima yake katika ukanda huu. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Nairobi imekuwa na maonyesho ya magari ya kifahari na ya zamani, Concours d'Elegance, tangu 1970. Arusha, Oktoba 2024, ilikusanya misafara ya Land Rover kutoka pande mbalimbali. Huko, bomba jipya linalong'aa ni sehemu ya urembo. Masisi, gari la umri uleule likiwepo, lipo kazini: viazi, maharagwe, jibini na watu. Bomba lake halipewi alama na mwamuzi yeyote. Linapimwa na vifua vya waliokaa nyuma.

Linaozea ndani kwanza

Jiwe si adui pekee. Kila lita moja ya petroli inapoungua hutoa takriban lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Safari ikiwa ndefu, bomba lote hupata moto na mvuke unatoka. Safari ikiwa fupi, mvuke hupoa na kuwa maji ndani ya bomba, ukichanganyika na asidi ya moshi. Kipande cha mwisho, kilicho mbali zaidi na injini, ndicho baridi kuliko vyote. Ndiyo maana huoza mapema, kwa ndani, huku nje kikionekana kizima.

Kulitambua bomba bovu hakuhitaji mashine. Injini ikiwa baridi, gonga bomba kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Tafuta alama nyeusi za masizi kwenye maungio. Kisha washa injini, na kwa sekunde chache tu ziba tundu la nyuma kwa kitambaa kinene. Injini ikianza kukabwa, bomba limeziba vizuri. Ikiendelea kunguruma kama kawaida na kitu kinafoka katikati, kuna mpasuko.

Bomba gani la kufunga

Hapa ndipo fedha huamua. Bomba lililotengenezwa kwa gari husika ndilo bora, lakini si rahisi kulipata. Mapigano yalifika Kitshanga Januari 2023, na mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Uwanja wa ndege na benki za mji huo vikafungwa. Kuagiza kipuri cha gari la miaka 50 kutoka nje si jambo la kupiga simu moja.

Kinachobaki ni fundi wa kuchomelea, na fundi mzuri anaweza kutengeneza bomba la kudumu. Yako mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni kipenyo. Bomba jipya liwe na upana wa lile la zamani. Likiwa jembamba, moshi hurudi nyuma, injini hupata joto na kukosa nguvu mlimani.

La pili ni kona. Bomba likikunjwa tupu hubonyea na kuziba. Njia ya zamani, ambayo bado inafaa, ni kulijaza mchanga, kuziba ncha zote mbili, kulipasha moto na kulikunja polepole. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu, maji hugeuka mvuke na kuzibua ncha kwa kishindo kinachoweza kumjeruhi fundi.

La tatu ni aina ya chuma. Bomba la maji lililopakwa zinki huvutia kwa sababu linapatikana, lakini lina kasoro mbili. Zinki ikiunguzwa hutoa moshi unaomletea mchomeleaji homa na baridi ya mwili saa chache baadaye. Pia bomba hilo ni nene na zito. Uzito wake huning'inia kwenye maungio na kuyakata.

Kufungua bila kuvunja

Kazi ianze jana yake, kwa kupaka nati mafuta ya kulainisha kutu. Gari liinuliwe kwa jeki, kisha lishikwe na stendi imara au magogo mapana, magurudumu yakiwa yamezuiwa. Mawe ya lava, yaliyojaa kila mahali karibu na Goma, ni mepesi na hupasuka yakibebeshwa uzito. Fundi asilale chini ya gari lililoegemezwa juu yake.

Pale bomba moja linapoingia ndani ya jingine na kushikana kwa kutu, kuligonga kwa nguvu huharibu lile zima. Afadhali kukata kwa msumeno wa chuma, kwa urefu, bomba la nje pekee, kisha kulipanua kwa patasi. Kama ni lazima kutumia moto, usitumike karibu na tangi la mafuta wala mipira ya breki. Na kabla ya kuchomelea kwa umeme gari likiwa zima, waya wa betri ufunguliwe.

Siri ya kufunga: usikaze mapema

Kosa la kawaida ni kukaza kila kiungo mara tu kinapokaa mahali pake. Mwisho wake bomba hufika nyuma likiwa limepinda, likigusa fremu, na fundi hulazimika kulivuta kwa nguvu. Bomba lililofungwa kwa kuvutwa litakatika, ni suala la siku tu.

Utaratibu sahihi ni kuanza mbele, kwenye injini, na kwenda nyuma, kila klampu ikiwa imeshikizwa tu. Bomba moja liingie ndani ya jingine kwa sentimita nne au tano. Likishakaa lote, litikiswe kwa mkono. Kati yake na fremu, mipira ya breki, bomba la mafuta na springi, ibaki nafasi ya sentimita mbili hadi tatu. Hilo likaguliwe tena gari likiwa limeshushwa na kupakiwa mzigo, kwa kuwa springi zikishuka, nafasi hupungua. Ndipo nati zikazwe, kuanzia mbele kwenda nyuma.

Bomba liningʼinizwe kwa mpira, lisifungwe kwa waya. Injini hukaa juu ya mipira na hutikisika. Bomba lisipoweza kutikisika nayo, chuma ndicho kitakachoachia. Vipande vya tairi kuukuu vyenye nyuzi ndani, vikikatwa vizuri na kufungwa kwa bolti na washa pana, hufanya kazi hiyo kwa muda mrefu.

Ncha ya nyuma ndiyo inayopuuzwa zaidi. Gari lenye mgongo bapa kama Land Rover huvuta hewa nyuma yake linapokwenda, na moshi huzunguka na kurudi ndani kupitia mlango wa nyuma au turubai lililo wazi. Bomba lazima litokeze nje ya bodi, pembeni au nyuma, lisiishie chini ya sakafu wanapokaa watu. Gari lenye ncha mbili zipangwe kwa kimo kimoja, lakini kutokeza nje kunakuja kabla ya kupendeza.

Mwisho, injini iwashwe ingali baridi na maungio yapakwe maji ya sabuni. Povu likitokea, kiungo kinavuja. Moshi kidogo na harufu ya rangi katika dakika za kwanza ni kawaida kwa bomba jipya. Baada ya kilomita mia moja hivi, klampu zote zikazwe tena, maana chuma kikipata moto na kupoa hulegea.

Dalili za kutopuuzwa

Malaria huumiza kichwa, na njaa pia. Lakini watu wawili au watatu waliopanda gari moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, na nafuu ikaja waliposhuka na kupata hewa, gari ndilo linalopaswa kushukiwa kwanza. Dereva asimamishe, azime injini, ashushe watu wote na kufungua milango na turubai. Aliyesinzia asiachwe alale: atolewe nje na kupelekwa kituo cha afya. Watoto, wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo huathirika mapema zaidi.

Gari hilo lisipakie tena abiria hadi bomba lifungwe upya. Kwa fundi mwenye vifaa, ni kazi ya nusu siku.