Grauti ya Vigae: Ipi Inafaa Wapi

Katika nyumba za kupanga za ghorofa zilizojaa Njiru, doa la maji kwenye dari ya jirani wa chini mara nyingi huanzia bafuni kwa jirani wa juu. Fundi huitwa, hukwangua grauti iliyotoboka na kujaza nyingine, na baada ya muda doa hurudi. Grauti ya kawaida ya saruji hunyonya maji. Kazi yake ni kujaza nafasi kati ya vigae. Kazi ya kuzuia maji ni ya dawa inayopakwa sakafuni na ukutani kabla ya vigae kubandikwa. Bafu lisilopakwa dawa hiyo haliokolewi na grauti pekee.

Baada ya hapo, mwenye nyumba apime upana wa nafasi. Isiyozidi milimita 3, kama ilivyo kwenye kuta nyingi, hujazwa grauti isiyo na mchanga. Pana zaidi, kama za sakafu na veranda, huhitaji yenye mchanga, kwani ile laini husinyaa ikikauka na kupasuka. Mchanga huo hata hivyo hukwaruza marumaru inayong'aa.

Wapo mafundi ambao bado hutumia simiti nyeupe iliyotiwa rangi kwa sababu ni rahisi. Kwenye ukuta mkavu huenda ikadumu. Bafuni hugeuka unga na kwenda na maji ya kuoga.

Grauti ya epoksi haipitishi maji wala mafuta, hivyo inafaa jikoni, hotelini na kwenye bucha. Ni ghali, na huganda haraka: ikiachwa ikaukie juu ya kigae, kuiondoa ni balaa. Ipewe fundi anayeizoea.

Pembe, na pale ukuta unapokutana na sakafu, pajazwe silikoni, kwa kuwa sehemu hizo husogea. Vilevile udongo mweusi wa eneo hili hufura wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Sakafu ikipasuka kwa ajili hiyo, msingi ukaguliwe kwanza. Grauti mpya itapasuka palepale.

Gundi ya vigae iachwe angalau saa 24 kabla ya kujaza, isipokuwa mfuko unaeleza vinginevyo. Maji ya kuchanganyia yapimwe kama ilivyoandikwa kwenye mfuko wa grauti. Yakizidi, grauti ya saruji hupauka na kutoboka, iwe yenye mchanga au isiyo na mchanga.