Mafuta Yanayoishia Kwenye Breki

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, wilaya kwa wilaya, na kila mara mazungumzo ya vijiwe vya bodaboda pale Kyela mjini huanzia hapo: imepanda au imeshuka? Swali ni la haki, kwa sababu Kyela iko mbali na bandari zote tatu zinazopokea mafuta ya nchi hii, yaani Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na gharama ya kuisafirisha lita hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa imo ndani ya bei yake. Kwa hiyo dereva wa Kyela hulipa zaidi ya mwenzake wa Dar es Salaam, na kwa kawaida zaidi kidogo ya yule wa Mbeya mjini. Lakini bei ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni idadi ya lita, na hiyo haipangwi na EWURA, hupangwa na mguu wa dereva. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kwenye barabara ya Uyole, Tukuyu, Kyela na Kasumulu, sehemu kubwa ya mafuta yanayopotea bure hupotelea kwenye breki, na kwamba ile mbinu ya kubana matumizi inayopendwa kuliko zote, ya kushuka mlima kwa gia huru, si mbinu ya kubana chochote.

Tuanze na mlima wenyewe. Uso wa Ziwa Nyasa uko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kyela hauko juu sana ya hapo. Tukuyu iko karibu mita 1,500. Ukipita Kiwira na kupanda kwenye viazi na ukungu wa Isongole unavuka mita 2,000, kisha unashuka tena kuingia Igawilo na Uyole. Chukua kosta yenye uzito wa tani 6 pamoja na abiria na mizigo yao. Kuinua uzito huo kwa mita 1,500 kunahitaji nishati ya takribani megajuli 88. Lita moja ya dizeli ina megajuli kama 36, na injini yenye afya hugeuza kadiri ya theluthi moja kuwa kazi. Zinazobaki hutoka kama joto kwenye eksozi na rejeta. Gawanya, utapata lita 7 na ushee. Hizo ni lita za kuinua gari tu. Bado hujalipia upepo unaolikinza gari wala tairi zinazokokoteka kwenye lami. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, ambayo naitumia kwa urahisi wa hesabu, dereva ameuachia mlima zaidi ya shilingi 20,000 kabla hajafika Isongole. Gunia moja la mchele la kilo 100 kwenye keria, likipanda peke yake, linakula kama shilingi 370. Gunia lina nauli, kwa hiyo linajilipia. Tairi kuukuu tatu na rundo la vyuma vya gereji vinavyozungushwa nyuma ya gari mwaka mzima havina nauli.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kwamba mlima hauli fedha hizo, unaziweka tu. Gari lililo juu limebeba nishati ile ile iliyolipandisha, na likigeuza kurudi bondeni nishati hiyo hurudishwa kwake. Kati ya Tukuyu na uwanda wa Kyela barabara hushuka takribani mita 1,000 ndani ya kilomita zisizofika 60, maana yake ni wastani wa mita 2 hivi kwa kila mita 100. Mteremko wa namna hiyo, kwa mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, unakaribia kutosha peke yake kushinda upepo na mkwaruzo wa tairi. Kwa maneno mengine, gari lingeweza kwenda sehemu kubwa ya njia hiyo likila mafuta kidogo sana. Mbona basi madereva wengi hawaoni nafuu kubwa hivyo wakishuka? Kwa sababu wanakanyaga mafuta pale mteremko unapolegea, wanafika kwenye kona au tuta na mwendo usiofaa, kisha wanakanyaga breki. Mafuta waliyonunua kupandia yanageuka kuwa joto la ngoma na pedi, na mara baada ya tuta wanayanunua upya.

Hapo ndipo gia huru inapoingia na hoja yake: ikiwa mlima unalisukuma gari bure, si ni bora kuitoa gia ili injini ibaki ikinguruma taratibu? Ingekuwa kweli kama injini za leo zingekuwa zile za zamani. Karibu kila gari la petroli linaloletwa sasa kutoka Japani, iwe IST, Probox au Noah, lina nozeli zinazoongozwa na kompyuta ndogo. Ukiachia mguu kwenye mafuta huku gia imeingia na injini ikizungushwa na tairi, kompyuta hufunga nozeli kabisa. Matumizi kwa wakati huo ni sifuri. Ukiiweka gia huru, tairi haziizungushi tena injini, na ili isizime, nozeli hulazimika kufunguka na kumwaga mafuta ya kuilisha. Huyo anayedhani anabana ndiye anayetumia. Kwenye dizeli zenye pampu ya kizamani mambo ni hivyo hivyo: gavana ya pampu hukata mafuta pindi mguu ukiachiwa na mzunguko ukiwa juu ya ule wa kunguruma. Waliobaki na sehemu ya hoja ni wenye kabureta, na kwa Kyela hao ni bodaboda wengi. Nakubali kwamba pikipiki ya kabureta ikishuka na gia hunyonya mafuta zaidi kidogo ya sifuri, na pengine zaidi ya ikiwa huru. Tofauti hiyo, kwa mteremko wa nusu saa, haijazi kikombe cha chai. Breki zinazosagika kwa kulibeba zigo la abiria wawili na mkungu wa ndizi zinagharimu zaidi ya hapo.

Na hatujazungumzia roho za watu. Gari lililo huru limebaki na breki tupu. Ngoma zikipata moto uliopita kiasi hupoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka hutoa mapovu, kanyagio likazama hadi sakafuni bila kitu kutokea. Anayezima injini kabisa, na wapo, anapoteza pia msaada wa usukani na wa breki, na kwenye lori pampu ya upepo wa breki inasimama. Wakazi wa Igawilo hawahitaji kuelezwa maana ya lori lililokosa breki likishuka kutoka Isongole. Kanuni ya madereva wa malori wazee bado ndiyo bora: shuka mlima kwa gia ambayo ungeipandia. Wako wanaosema kwamba kuibana injini namna hiyo kunaiua. Haiui, maadamu mshale wa mzunguko haujaingia eneo jekundu. Injini imeundwa kuhimili kazi hiyo, na mafundi wanaotengeneza injini zilizokufa watakuambia kwamba nyingi zimekufa kwa kukosa oili na maji.

Sasa matuta. Barabara hii inapita katikati ya vijiji, na kila kijiji kimedai matuta yake kwa sababu ya watoto wanaovuka, nao wana haki. Kosta ile ile ya tani 6 ikitoka mwendo wa kilomita 60 hadi ule wa kutambaa juu ya tuta, inatupa nishati ambayo kuirudisha kunagharimu kama shilingi 200 za dizeli. Ikitoka kilomita 80, gharama inakaribia 370, kwa sababu nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Upepo nao una kanuni hiyo hiyo, ndiyo maana Wizara ya Nishati ya Marekani huwaambia madereva wake kwamba ulaji wa mafuta huharibika haraka ukivuka kilomita 80 kwa saa, na kwamba kukanyaga na kufunga breki kwa pupa kunaweza kupunguza umbali ambao gari huenda kwa kila lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu. Dereva anayeliona tuta kwa mbali na kuachia mafuta mapema, gia ikiwa ndani, anafika pale kwa mwendo unaofaa bila kukanyaga breki kwa nguvu. Mafuta ya mita zile 200 za mwisho hakuyatumia. Arudie hivyo kwenye kila tuta na kila kona, kwenda na kurudi, kila siku ya wiki.

Pingamizi linalokuja hapa ni zito, na halihusu fizikia. Dereva wa kosta au wa mchomoko, yaani gari dogo la abiria, anadaiwa hesabu na tajiri wake jioni, na abiria walioko stendi ni wa yule atakayewahi. Kumwambia aende taratibu si kumwambia alale njaa? Tufanye hesabu yake kwa upande wa muda. Kilomita 50 kwa mwendo wa 100 ni dakika 30. Kwa mwendo wa 80 ni dakika 37 na nusu. Hizo dakika 7 na nusu ni za kwenye karatasi, kwenye barabara isiyo na kona, tuta wala trafiki. Kati ya Kiwira na Kyela hakuna mahali pa kuzipata zote. Anayekimbia huishia kuwa nyuma ya lori la Malawi akiwa na breki za moto. Isitoshe, katika utaratibu wa hesabu ulivyozoeleka, mafuta hutoka kwenye makusanyo ya siku kabla ya dereva kupata chake. Kila lita isiyoungua ni fedha ya dereva mwenyewe, si ya tajiri.

Kwa malori ni kinyume, na hapo naona kosa liko kwa wenye mali zaidi kuliko kwa madereva. Mwenye lori humkabidhi dereva lita za safari kwa makadirio. Zikibaki, safari ijayo makadirio yanapunguzwa. Zikiisha, dereva anafokewa. Mpangilio kama huo unamfundisha mtu mwenye akili mambo mawili tu: amalize mafuta yote, au yaliyobaki yatoke kwenye tenki usiku kwa mpira na dumu. Tajiri anayelalamikia wizi wa mafuta huku hajawahi kumgawia dereva wake hata robo ya kilichookolewa analipia mfumo alioujenga mwenyewe.

Mengine yanayotajwa sana nayapitia haraka kwa kuwa faida yake ni ndogo, ingawa ni ya kweli. Upepo wa tairi upimwe asubuhi tairi zikiwa za baridi. Kuupunguza mchana kwa sababu joto la Kyela limezivimbisha ni kujitafutia tairi laini, zenye kula mafuta na kuisha pembeni. Pikipiki ya kabureta iliyosetiwa bondeni ikipelekwa Isongole, ambako hewa ni nyepesi, itachoma mafuta mengi kuliko hewa inayopata na kutoa moshi mweusi, kwa hiyo anayefanya kazi juu asetiwe juu. Sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta na vidonge vya kutumbukiza kwenye tenki achana navyo: Wakala wa Mazingira wa Marekani umepima vifaa zaidi ya 100 vya namna hiyo na ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu, tena kidogo. Petroli ya chupa ya kando ya barabara ni ghali kwa kila lita, na hujui imechanganywa na nini.

Litabaki lile pingamizi la kisiasa, kwamba makala za namna hii zinamtwisha dereva mzigo ambao ni wa Serikali, kwa kuwa ndani ya kila lita mna ushuru na tozo za barabara na za umeme vijijini. Mjadala wa tozo ni halali. Lakini historia yetu haitoi sababu ya kuusubiri. Miaka ya 1980 uhaba wa fedha za kigeni uliwafanya Watanzania wakatazwe kutembeza magari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana, na katazo hilo halikumfanya dereva yeyote aendeshe vizuri zaidi Jumatatu. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni, na bado mwezi Agosti lita ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,400. Ruzuku huja na kuondoka, na tozo hupanda na kushuka bungeni Dodoma. Breki iko chini ya mguu wa dereva leo.

Anayebisha apime, ila apime sawasawa. Ajaze tenki hadi pomoni Uyole, aandike kilomita, ashuke hadi Kasumulu na kurudi, kisha ajaze tena kwenye sheli ile ile na agawanye kilomita kwa lita alizoongeza. Safari ya upande mmoja haifai kwa kipimo, kwa sababu Kyela iko chini ya Uyole kwa zaidi ya mita 1,000 na mlima utakudanganya. Wiki ya kwanza aendeshe alivyozoea, wiki ya pili aendeshe kwa gia na kwa kuachia mafuta mapema, akiwa na mizigo inayolingana. Na mwenye gari akiiona tofauti, amgawie dereva sehemu yake.