Je, Wajua? Mapadri wa Ghuba Inayokauka

Ghuba ya Ferguson ni maji ya kuazima. Ziwa Turkana likifura, ngege hujaa humo kuzaliana na mitumbwi ya kijiji cha Longech haikosi kazi. Ziwa likinywea, ghuba inabaki uwanja wa tope lililopasuka. Kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa msaada wa Norway, kilikamilika mwaka 1981. Miaka michache baadaye maji yalikuwa yamekimbia. Ferguson angalau aliacha jina lake kwenye ramani. Wapo wengine, wamisionari, waliotumia maisha yao hapa, na hata majina yao hayamo kwenye ramani.

Je, wajua kwamba serikali ya kikoloni iliifanya Turkana wilaya iliyofungwa, na kwa miongo mingi wamisionari wakazuiwa kuingia? Wafungwa hawakuzuiwa. Jomo Kenyatta aliletwa Lokitaung mwaka 1953, akahamishiwa Lodwar mwaka 1959, wakati mapadri wa Kikatoliki walikuwa bado hawajaingia mjini humo. Mlango ulifunguliwa na njaa. Ukame wa 1960 na 1961 uliangamiza mifugo, kambi za chakula zikafunguliwa, mojawapo hapahapa ghubani, ambapo mfugaji asiye na mbuzi alifundishwa kutega nyavu. Mwaka huohuo wa 1961 mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick waliingia Lodwar. Watu huwaita mapadri wa Kiltegan, kwa jina la kijiji cha Ireland ambako shirika lao lilianzia mwaka 1932.

John Mahon alikuwa mmoja wa shirika hilo. Eneo la Lodwar lilipotengwa na jimbo la Eldoret mwaka 1968, alikabidhiwa yeye. Lilipofanywa jimbo kamili mwaka 1978, akawa askofu wake wa kwanza, na hakuondoka kwenye kiti hicho hadi mwaka 2000. Hesabu miaka, kisha pima eneo: Turkana ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, karibu sawa na Jamhuri nzima ya Ireland alikotoka. Ireland ni nchi yenye maaskofu wengi; Turkana ilimwangukia mmoja, na kondoo wake wanahama kila mvua inapohama.

Na masista? Je, wajua kwamba hadi mwaka 1936 Roma haikuwaruhusu watawa wa kike kuwa wakunga? Ruhusa ilipopatikana, Mary Martin wa Ireland alianzisha shirika la Wamisionari Watabibu wa Maria, mwaka 1937, akiwa Nigeria. Mabinti zake walifika Turkana mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mmojawao, Sista Michael Therese Ryan, alisomea urubani akawa anapeleka huduma kwa ndege ndogo. Ndiyo, sista anayeitwa Michael. Watawa wa zamani walipewa majina ya watakatifu bila kujali kama mtakatifu mwenyewe alikuwa mwanamume.

Ng'ambo ya ziwa, Loiyangalani, mambo hayakuwa ya heri. Padri Michele Stallone wa shirika la Consolata aliuawa huko na mashifta mwaka 1965. Mwenzake wa shirika hilohilo, Luigi Graiff, aliuawa na majambazi mwaka 1981 huko Parkati, kusini mwa ziwa.

Lakini anayenivutia zaidi ni padri wa kalamu. Anthony Barrett, naye wa Kiltegan, alikaa na Waturkana akisikiliza. Akatunga kamusi ya Kiturkana na Kiingereza, akaandika juu ya kufa na kuzika, juu ya sadaka na unabii. Mtu aliyetumwa kuhubiri akageuka mwanafunzi wa ngimurok, waaguzi ambao kwa kawaida padri angetarajiwa kuwapiga vita. Mwaka 1998 akatoa kitabu kizima juu ya alama za Waturkana, ambazo ndizo sanaa yao.

Kwingine Afrika Mashariki wasanii wa kanisa walipewa kuta. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora maisha ya Yesu katika kanisa la ukumbusho Murang'a, Yesu akiwa Mwafrika kwenye vilima vya Ukikuyu. Bujora, karibu na Mwanza, padri Mkanada David Clement alijenga kanisa la duara, altare ikachukua sura ya kiti cha mtemi wa Kisukuma. Kazi hizo mbili nazipenda, ila Turkana isingewezekana. Mtu anayebomoa nyumba yake na kuipakia juu ya punda, ukuta wa kuchora ataupata wapi?

Kitu pekee cha kale kilichosimama hapa ni mawe. Barabara ya Lodwar kwenda Kalokol inapita Namoratunga, nguzo 19 zilizosimikwa miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Wenyeji husimulia kwamba ni watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakamcheka pepo, akawageuza mawe. Mpita njia huokota kijiwe na kukiweka juu ya nguzo. Lodwar nako sasa ipo sanamu kubwa ya Kristo, mikono wazi, juu ya kilima. Ni nzuri kutazama jua likizama, ingawa ina undugu zaidi na Rio de Janeiro kuliko na nguzo zile.

Sanaa ya Mturkana iko kwenye ngozi ya mifugo. Kila ukoo una mistari na mikunjo yake, inayochomwa kwa chuma cha moto ubavuni mwa ng'ombe au ngamia. Neno emachar lina maana ya ukoo, na emachar hiyohiyo ndiyo chapa. Mjuzi akimwona mnyama aliyepotea husoma ubavu wake na kujua arudishwe kwa nani.

Padri naye hana mke wala ukoo. Siku mzee wa Kiturkana alipompa Barrett ng'ombe, kama alipewa, sijui ng'ombe huyo alichomwa chapa ya nani.