Mtoto Anapochunguza Tabia za Watu: Mradi wa Sayansi Usiohitaji Maabara

Yanapokaribia maonyesho ya sayansi ya shule, wazazi wengi huanza kutafuta betri, nyaya na sumaku, kana kwamba sayansi haipatikani ila katika vifaa vya kununuliwa. Mtazamo huo huwanyima watoto wetu uwanja mpana, nao ni mwanadamu mwenyewe: namna anavyokumbuka, anavyosahau na anavyowafuata wenziwe. Gharama ya uchunguzi huo ni karatasi, kalamu, saa na subira. Ifuatayo ni mitatu ambayo kijana wa sekondari anaweza kuikamilisha.

Wa kwanza ni wa kumbukumbu. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Alibaini kwamba sehemu kubwa ya alichojifunza ilipotea katika saa za mwanzo, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yalifaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Walimu wetu wa chuoni, wanaosisitiza muraja'a wa kila siku, hawatalistaajabia hilo. Mwanafunzi na alipime: maneno 20 mapya, kundi moja liyasome dakika 30 jioni moja, jingine dakika 10 kwa jioni tatu. Kila kundi lipewe mtihani wiki moja baada ya kikao chake cha mwisho. Makundi yagawanywe kwa kura, ili asije akawaweka rafiki zake wenye bidii upande mmoja bila kukusudia.

Wa pili ni wa rangi na maneno. Mwaka 1935 Mmarekani John Ridley Stroop alionyesha kwamba mtu aliyetumia takriban sekunde 63 kutaja rangi za vitu 100 visivyo na maandishi, alihitaji takriban sekunde 110 rangi hizo zilipokuwa ni za wino wa maneno yanayotaja rangi nyingine; mfano, neno "nyekundu" lililoandikwa kwa wino wa kijani. Kusoma kumekuwa mazoea kiasi kwamba akili haiwezi kujizuia. Watoto wetu wana swali zuri la kuongeza: je, kizuizi hicho ni kikubwa zaidi kwa maneno ya Kiswahili au ya Kiingereza? Jibu litadokeza ni lugha ipi wanayoisoma kwa wepesi zaidi.

Wa tatu ni wa kufuata mkumbo. Jaza kunde katika chupa ya kioo, uzihesabu. Washiriki 20 wakisie idadi yake kwa siri. Wengine 20 waandike makisio yao katika karatasi moja, kila mmoja akiona ya waliomtangulia. Iwapo makisio ya kundi la pili yatakaribiana kuliko ya kundi la kwanza, ni dalili kwamba macho yaliacha kutazama kunde yakatazama karatasi. Mzazi mwenye binti anayebadilika kwa ajili ya rika lake atauona uzito wa jambo hilo.

Hapa tusimame kidogo, kwani anayewachunguza watu ameshika amana. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner, wa chuo kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, walimfundisha mtoto mchanga kumwogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo nyuma yake kila alipomgusa. Mtoto yule hakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa, na hofu ile hawakumwondolea. Leo jaribio hilo hutajwa kuwa mfano wa lisilofaa kurudiwa.

Kwa hivyo mwanafunzi aombe ridhaa ya kila mshiriki, na ya mzazi iwapo mshiriki ni mtoto. Amwache huru kujitoa. Aandike nambari badala ya majina. Wala asisimulie mtaani nani alisahau na nani alikosea. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana na kusengenyana, na daftari la utafiti halihalalishi lililoharamishwa.

Nanyi akina mama, msaidieni mtoto kwa kumuuliza, si kwa kumfanyia. Muulizeni: swali lako ni lipi? Unatarajia nini, na kwa nini? Umebadilisha jambo moja tu, au mawili kwa pamoja? Matokeo yakienda kinyume na matarajio, msimruhusu kuzirekebisha tarakimu ili bango lipendeze. Matokeo yasiyotarajiwa yaliyoandikwa kwa ukweli ni sayansi. Yaliyopambwa ni uongo, hata yakipata zawadi. Kijana aliyezoea kuandika alichokiona, si alichokitamani, atakuwa amejifunza sayansi na uaminifu kwa pamoja, inshallah.