Mashine ya Kahawa Mahali pa Kazi: Ipi Ifaayo?

Kengele ya saa nne asubuhi inapolia shuleni, walimu huwa na dakika 30, pengine pungufu, kabla ya kurudi madarasani. Katika muda huo mfupi kila mmoja hutaka kikombe cha kinywaji cha moto. Zamani jambo hili lilimalizwa na birika moja kubwa la chai. Leo kahawa nayo imeingia ofisini, na pamoja nayo limeingia swali liwagawalo watu kuliko inavyodhaniwa: fedha za mchango zikisha kupatikana, inunuliwe mashine gani?

Dukani mashine hupangwa kwa bei, kwa kung'aa na kwa wingi wa vitufe. Mwanasayansi huzipanga kwa maswali matatu tu: maji hupashwa moto kwa njia gani, kahawa huchujwa kwa kitu gani, na kinywaji huwekwa wapi kikisha kupikwa. Swali hilo la tatu aghalabu husahauliwa, nalo ndilo liletalo hasara kubwa.

Yatokeayo ndani ya chujio

Kahawa iliyokaangwa na kusagwa si kitu kimoja. Chini kidogo ya theluthi moja ya uzito wake huweza kuyeyuka katika maji ya moto; sehemu iliyobaki ni nyuzi ngumu zisizoyeyuka, ambazo ndizo masimbi. Lakini si vema kuyeyusha yote yawezayo kuyeyuka. Vitu vyenye uchachu, utamu na harufu nzuri hutangulia kutoka. Vile vichungu hufuata baadaye. Katika miaka ya 1950 mkemia E. E. Lockhart wa Marekani alilichunguza jambo hili kwa vipimo, na kiwango kilichotokana na kazi hiyo kingali kinatumika: sehemu 18 hadi 22 kwa kila 100 za uzito wa kahawa ndizo zistahilizo kuingia kikombeni. Kwa mpishi wa kawaida, maana yake ni gramu 55 hadi 60 za kahawa kwa lita moja ya maji, nayo maji yawe na joto la kati ya digrii 90 na 96 za Sentigredi.

Hapa jiografia huingia jikoni. Dar es Salaam, kando ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 100. Mbeya, mji ulio yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo zaidi na maji huchemka karibu na digrii 94. Kwa hiyo mwalimu wa Mbeya aweza kuyamimina maji juu ya kahawa mara tu yanapotokota, naye amekwisha kupata joto linalopendekezwa na wataalamu. Mwenzake wa Dar es Salaam hana budi kusubiri kidogo.

Mashine zenyewe

Mashine ya matone ndiyo sahili kuliko zote, na utendaji wake wastahili kuelezwa, kwani wengi hudhani ndani yake mna pampu. Hamna. Maji hushuka kutoka tangini kwa uzito wake yenyewe, hupita katika vali ndogo ya njia moja, kisha huingia katika bomba jembamba la alumini lililopindwa mfano wa herufi U na kushikamanishwa na koili ya umeme. Maji yakianza kuchemka, mapovu ya mvuke hutokea. Mapovu hayo hayawezi kurudi nyuma kwa sababu vali imejifunga. Basi hupanda juu yakiyasukuma maji yaliyo mbele yake mpaka yamwagikie kahawa. Ile sauti ya kukoroma isikikayo mwishoni ni mvuke ukipita peke yake baada ya maji kwisha. Katika mashine nzima hakuna gia wala gurudumu. Kitu pekee kinachocheza ni vali. Kwa sababu hiyo, hakuna mengi ya kuharibika.

Kahawa huwekwa ndani ya karatasi ya kuchujia. Karatasi hiyo ilivumbuliwa mwaka 1908 na mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, aliyeitwa Melitta Bentz. Alichoshwa na masimbi kikombeni. Akatoboa matundu kitakoni mwa chombo cha madini, akatandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino aliyoitoa katika daftari la mwanawe, akamimina maji. Mwaka uo huo akapata hataza.

Jamii ya pili ni mashine za Kiitaliano za espresso. Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1884, na mwaka 1961 kampuni ya Faema ilitoa mashine yake E61 itumiayo pampu ya umeme. Pampu huyasukuma maji kwa mgandamizo wa mara 9 hivi ya ule wa hewa ya kawaida, na kikombe kidogo hujaa kwa nusu dakika. Kinywaji chake ni kizuri mno. Lakini mashine hiyo hutaka kinu cha kusagia laini, fundi wa kuiangalia, na mtu aliyefundishwa kuitumia. Ile kubwa yenye vichwa viwili huhitaji wati 3,000 au zaidi, ilhali plagi ya kawaida ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 hutoa chini ya hapo. Kuinunua kwa ajili ya ofisi ya walimu ni sawa na kukodi lori kupeleka kikapu kimoja cha nyanya sokoni.

Jamii ya tatu ni mashine za vidonge, yaani vikopo vidogo vya alumini au plastiki vyenye kahawa ya gramu 5 au 6 kila kimoja. Hizi hupendwa kwa usafi na wepesi wake. Hata hivyo kila kikombe huacha taka, na aliyenunua mashine amejifunga kununua vikopo vinavyoingia katika mashine hiyo. Mwaka 1991 tatizo lisingeonekana. Mwaka 2016 lilikuwa limekua kiasi kwamba mji wa Hamburg, Ujerumani, ulipiga marufuku fedha za serikali yake kununulia vidonge hivyo kwa ofisi zake. Kuna na hesabu ya muda. Ikiwa kikombe kimoja huchukua dakika moja na nusu, pamoja na kubadili kidonge, walimu 20 watahitaji dakika 30. Wa mwisho atapokea kahawa yake huku kengele ikilia.

Ziko pia mashine kubwa zinazojiendesha, ambazo husaga punje, huchuja kwa wavu wa chuma na kutupa masimbi zenyewe. Ndizo zilizoenea katika ofisi za Ulaya, nazo ndizo zilizowashughulisha watafiti hivi karibuni.

Kilichopimwa Sweden

Kahawa ina mafuta, na ndani ya mafuta hayo mna kitu kiitwacho kafestoli ambacho hupandisha kolesteroli ya damu, hasa ile iletayo madhara katika mishipa ya moyo. Mwaka 2025 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kuipima kahawa ya mashine 14 zilizokuwa zikitumiwa na wafanyakazi katika vituo vya huduma za afya. Kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa ilikuwa na zaidi ya miligramu 900 za kafestoli katika lita moja. Kahawa ya mashine zenye wavu wa chuma ilikuwa na miligramu 176 hivi. Iliyopita katika karatasi ilikuwa na 12 tu, au karibu na hapo.

Sababu ni rahisi kuieleza. Matundu ya wavu wa chuma ni makubwa mno kuyazuia matone madogo ya mafuta, ilhali karatasi huyanasa. Basi kipande cha karatasi cha bei ndogo hufanya kazi ambayo mashine ya bei kubwa haiifanyi.

Je, ile kahawa ya dele, ichemshwayo juu ya mkaa na kuuzwa barazani tangu Lamu hadi Kilwa, ni ya kuogopwa? Yafaa jambo hili lipimwe kwa kiasi. Kikombe cha muuza kahawa ni kidogo, na masimbi huachwa yatuame kwanza. Mfanyakazi wa ofisini hunywa vikombe vikubwa 3 au 4 kila siku ya kazi kwa miaka mingi. Huyo ndiye ambaye chujio humhusu zaidi.

Gharama ya kuweka moto

Mashine nyingi za matone huuzwa na jagi la kioo likaalo juu ya kitako cha moto. Hapo ndipo hesabu yastahili kufanywa ubaoni. Kupandisha joto la gramu moja ya maji kwa digrii moja huhitaji jouli 4.2. Mashine ya lita 1.25 ikiyapandisha maji kutoka digrii 25 hadi 94 itatumia jouli 362,000 hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya uniti moja ya umeme. Sasa ichukuliwe kuwa kitako hula wastani wa wati 80, nacho kimeachwa kikiwaka tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwa saa 8 kitakuwa kimekula wati-saa 640, au zaidi ya sehemu sita za kumi za uniti. Kuiweka kahawa moto kumetumia umeme mara sita ya kuipika.

Na umeme huo umenunua uharibifu. Kahawa inayoendelea kupashwa hupoteza harufu yake hewani, na asidi za klorojeni zilizomo huvunjika na kutoa asidi nyingine, mojawapo ikiwa ni asidi ya kwiniki, zenye ukali na uchungu. Kahawa ya saa sita mchana iliyoketi juu ya kitako tangu asubuhi ni kinywaji kingine kabisa, japo jina ni lile lile.

Dawa yake imo katika kila nyumba: chupa ya chai. James Dewar, mwanasayansi wa Uskoti, aliitengeneza mwaka 1892, si kwa kuhifadhi chai bali kwa kuhifadhi hewa zilizogeuzwa kuwa kimiminika kwa baridi kali. Kati ya kuta zake mbili hewa imenyonywa, hivyo joto halipati njia ya kupita kirahisi, ama kuingia ama kutoka. Kahawa iliyomo hupoa polepole bila kupikwa tena, wala chupa haihitaji umeme. Mashine ya matone iliyoundwa na chupa badala ya jagi la kioo huzidi bei kidogo. Asiyeipata anunue ile ya kawaida, na kahawa ikisha kuchuja aimimine mara moja katika chupa za kawaida na kuzima swichi.

Chupa ina kasoro moja: haionyeshi imebaki kiasi gani. Kasoro hiyo si ndogo mahali pa kazi. Katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti walichoka kupanda ngazi na kukuta jagi tupu. Mwaka 1991 wakaielekeza kamera kwenye jagi ili kila mmoja alione kutoka mezani kwake, na mwaka 1993 picha hizo zikaunganishwa na intaneti, ambako zilitazamwa na watu wa nchi nyingi mpaka kamera ilipozimwa mwaka 2001. Ofisi ya walimu haihitaji kamera; kupima uzito wa chupa kwa mkono kwatosha.

Maji na usafi

Maji ya visima vya sehemu nyingi, kama Dodoma, ni maji magumu. Yakichemka huacha gamba jeupe la kabonati ya kalsiamu ndani ya bomba la mashine. Gamba hilo halipitishi joto vizuri, na bomba likizidi kuziba mashine hukoroma muda mrefu na kutoa maji kidogo. Watu wengi huitupa wakidhani imekufa. Siki iliyochanganywa na maji, ikipitishwa mashineni kisha ikasuuzwa kwa maji safi mara mbili au tatu, huliyeyusha gamba, na kipande chake kikitiwa katika glasi ya siki darasani wanafunzi wataona mapovu ya kaboni dayoksaidi yakipanda. Floraidi, ambayo ni nyingi katika baadhi ya maji ya kuzunguka Mlima Meru, ni jambo jingine: kuchemsha hakuiondoi, wala karatasi ya kahawa haiizuii.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walichunguza mashine 10 za vidonge na kukuta bakteria wa aina nyingi katika vyombo vya kukingia matone. Hawakusema kuwa kahawa ni sumu; walishauri chombo hicho kioshwe mara kwa mara. Kabla ya kununua, basi, lijibiwe pia swali la nani ataosha.

Kwa walimu 20, kila mmoja na kikombe cha mililita 125, yahitajika lita 2.5 na gramu 150 za kahawa. Mashine ya matone ya wati 1,000 itapika mara mbili, kila mara kwa dakika 10 au pungufu. Ikiwashwa saa tatu na nusu, kengele ya saa nne hukuta chupa mbili zimejaa. Ukubwa wa karatasi uangaliwe kabla ya kulipia, maana si kila duka huuza kila saizi. Umeme ukikatika, maji yatachemshwa kwa gesi au mkaa na kumiminwa kwa mkono juu ya karatasi ile ile iliyowekwa katika koni ya plastiki, kama alivyofanya Melitta Bentz, na kahawa itaingia katika chupa zile zile.